Farumi za Chuma: Merikebu ya São José na Ushahidi wa Chini ya Bahari

Kila baharia wa pwani yetu ajua maana ya farumi. Ni mawe, mchanga, au kitu kingine kizito kitiwacho ngamani ili chombo kikae sawasawa majini, kisije kikapinduliwa na upepo wakati shehena yake ni chache au nyepesi. Jahazi lililojaa shehena nzito halina haja ya farumi nyingi. Likirudi tupu, hapana budi litiliwe. Neno lenyewe ni dogo, na katika makamusi hupewa maelezo ya mstari mmoja au miwili tu. Lakini katika historia ya merikebu zilizochukua watumwa, farumi ni ushahidi mkubwa. Makala haya yataka kueleza jinsi vipande vya chuma vilivyolala chini ya bahari kwa zaidi ya miaka mia mbili vilivyosaidia kuitambulisha merikebu moja, kisha kuuliza ni kazi gani iliyobaki kwa sisi tushughulikao na lugha.

Merikebu yenyewe ilikuwa ya Wareno, ikiitwa São José Paquete Africa. Iling'oa nanga Lisbon mwezi wa Aprili, 1794, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kisiwa cha Msumbiji, na huko ikapakia watu. Makadirio ya watafiti ni baina ya watu 400 na zaidi kidogo ya 500. Mwanzo wa Desemba ilitweka matanga kuelekea Maranhão, upande wa kaskazini wa Brazili, ambako mashamba ya pamba na mpunga yalihitaji mikono. Safari hiyo ilikadiriwa kuchukua muda wa miezi minne hivi. Tarehe 27 Desemba, ilipokuwa karibu na Rasi, upepo na mawimbi viliisogeza mno pwani, ikapanda mwamba na kuvunjika mahali paitwapo Clifton siku hizi, kando ya mji wa Cape Town. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Katika wale waliokuwa ngamani zaidi ya 200 walikufa. Waliosalia waliuzwa papo hapo Rasi baada ya siku chache, wakabaki watumwa katika nchi ambayo haikuwa mwisho wa safari yao wala mwanzo wake.

Nahodha Manuel João Pereira alitoa maelezo ya ajali hiyo mbele ya wakuu wa Rasi, ambayo wakati ule ilikuwa bado chini ya Kampuni ya Kidachi. Shabaha ya maelezo ya namna hii yajulikana kwa kila asomaye hati za biashara ya bahari. Nahodha hutaka ithibitike kwamba hasara haikutokana na uzembe wake, ili yeye na wenye mali wasidaiwe. Kwa hiyo katika maandishi hayo watu waliokufa waonekana kama vile ionekanavyo mali iliyoharibika: kwa hesabu. Hati iliwekwa katika hifadhi ya nyaraka ya Cape Town, na pale ilikaa bila ya kuunganishwa na mahali popote chini ya bahari.

Mabaki yenyewe yalikuwa yamekwisha kuonekana. Katika miaka ya 1980 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta hazina walifika mahali pale, wakadhani wamepata merikebu ya Wadachi ya zamani zaidi. Kosa hilo lafundisha jambo. Atafutaye dhahabu huuliza swali moja tu, yaani kuna nini cha kuuzwa. Na akikosa jibu la kumridhisha hana sababu ya kuuliza la pili. Swali la pili liliulizwa mwaka 2010 na 2011, wakati Jaco Boshoff, mwanaakiolojia wa Makumbusho ya Iziko ya Cape Town, alipoyapata maelezo ya nahodha katika hifadhi na kuanza kuyalinganisha na mabaki ya Clifton. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mradi wa kuchunguza merikebu za watumwa zilizozama, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Iziko, Chuo Kikuu cha George Washington, Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi ya Smithsonian, Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, na wengineo.

Ushahidi ulijengwa hatua kwa hatua, na kila hatua yafaa kutazamwa. Hatua ya kwanza ilikuwa shaba. Mabaharia wetu hupaka deheni chini ya chombo, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Wazungu walikuwa na dawa zao za namna hiyo, lakini katika robo ya mwisho ya karne ya kumi na nane desturi ya kuvika sehemu ya chini ya merikebu mabati membamba ya shaba ilienea. Mabaki ya Clifton yalikuwa na mabati hayo, na misumari ya shaba vilevile. Basi hayakuweza kuwa ya merikebu ya Kidachi ya zamani. Shaba ilisema umri, ingawa haikusema jina.

Jina lilisemwa na farumi. Chini ya mchanga, baina ya miamba, palikutwa vipande vizito vya chuma vilivyokatwa kwa kipimo. Katika nyaraka za Lisbon kulikuwa na orodha ya vitu vilivyopakiwa na São José kabla ya safari, na katika orodha hiyo yametajwa mapande ya chuma ya farumi, zaidi ya 1,000. Maandishi ya Lisbon, maandishi ya Rasi, na chuma cha Clifton vikakubaliana. Hati nyingine ilionyesha kwamba shehe mmoja wa upande wa Msumbiji alimwuzia nahodha wa merikebu hii mtu. Hivyo bandari ya kupakia ikathibitika, na ikajulikana kwamba Wamakua walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Habari hizi zilitangazwa rasmi mwaka 2015.

Twaweza kuuliza, kwa nini chuma kingi kiasi hicho? Hapa ndipo neno la baharia liwezapo kuwafundisha wenye vitabu. Merikebu iliyojengwa kuchukua magunia na mapipa hukaa majini kwa uzito wa vitu hivyo. Watu ni wepesi kwa kulinganisha na nafasi wanayoichukua. Hata wakibanwa namna gani, hawafikii uzito wa shehena ijazayo ngama. Tena uzito wao haukai mahali pamoja, maana mtu hujigeuza, huinuka, huanguka na mawimbi. Na tena uzito huo hupungua njiani, kwa sababu watu hukonda, na wengine hufa na kutupwa baharini. Mwenye merikebu alijua haya yote kabla hajaondoka Lisbon. Alinunua chuma kusawazisha miili ambayo alikuwa hajaiona, na katika kukadiria uzito wa chuma hicho alikuwa amekwisha kuhesabu vifo pia. Ndiyo maana nasema farumi ni ushahidi mkubwa. Maelezo ya nahodha yaliandikwa baada ya ajali ili kujitetea. Chuma kilipakiwa kabla ya ajali, na hakikupakiwa ili kisomwe na mtu.

Wako wasemao kwamba mabaki ya baharini hayaongezi jambo mahali ambapo hati zipo tayari. Hoja hii ina nguvu kiasi. Orodha kubwa ya safari za biashara ya watumwa katika Bahari ya Atlantiki, iliyokusanywa na wanahistoria kwa miaka mingi, ina safari zaidi ya 36,000, na karibu yote tunayoyajua juu ya idadi, bei na njia yametoka katika maandishi. Lakini hati huandikwa na mwenye kalamu. Katika ngama ya São José hapakuwa na hata mmoja aliyepewa kalamu. Kwa hiyo ushahidi wa vitu si wa kuupamba ushahidi wa maandishi. Ni wa kuuhoji.

Chukua mfano wa pingu. Chuma kikikaa katika maji ya chumvi hushika kutu, na kutu hiyo hukamatana na mchanga na chokaa ya bahari mpaka pakafanyika gumba gumu lisilo na umbo. Pengine chuma cha ndani huliwa chote, likabaki tundu tu lenye sura ya kitu kilichokuwapo. Magumba ya namna hii yalipatikana Clifton, na yalipopigwa picha za miali ya eksirei yalionyesha mabaki ya pingu. Katika merikebu ya Kiingereza Henrietta Marie, iliyozama mwaka 1700 karibu na Key West, Florida, ikaonekana mwaka 1972 na kutambuliwa mwaka 1983 kwa kengele iliyoandikwa jina lake, zilitolewa pingu zaidi ya 80. Orodha ya tajiri husema pingu ni ngapi. Pingu yenyewe husema kifundo cha mguu kilikuwa cha unene gani.

Wala hati si adui wa kazi hii. Merikebu ya Fredensborg, ya Ufalme wa Denmark na Norway, ilivunjika tarehe 1 Desemba, 1768, penye kisiwa cha Tromøy karibu na Arendal, ikirudi kutoka visiwa vya Karibea baada ya kuwauza watumwa wake. Leif Svalesen na wenzake waliipata mwaka 1974 kwa sababu walisoma kwanza, wakapiga mbizi baadaye. Lakini upo pia mfano wa kinyume. Clotilda, iliyowaingiza Waafrika 110 hivi katika jimbo la Alabama mwaka 1860, miaka zaidi ya hamsini tangu Marekani kupiga marufuku uingizaji wa watumwa, ilichomwa moto na wenyewe ili kusiwe na ushahidi. Hati walikuwa na kila sababu ya kuzificha. Kilichoihifadhi habari ni vinywa vya watu wale wenyewe na watoto wao, waliojenga kijiji chao kiitwacho Africatown karibu na Mobile. Mabaki yalipotambuliwa mwaka 2019, matope ya mto yaliwasadiki wazee.

Basi pana mashahidi watatu: karatasi, bahari, na ulimi. Kwa São José wawili wa kwanza wamekwisha kusikilizwa. Huyu wa tatu ndiye atuhusuye.

Watu waliopakiwa Kisiwa cha Msumbiji walitoka bara, wengi wao katika nchi ya Wamakua. Walipofika ng'ambo, jina la kabila lilipotea na jina la bandari likachukua mahali pake. Rasi waliitwa Masbieker, yaani watu wa Msumbiji, hata ikiwa hawakukaa Msumbiji zaidi ya siku za kungoja merikebu. Kuanzia mwaka 1873 Waafrika waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza walishushwa Durban. Wengi wao walikuwa Wamakua, nao wakaitwa Wazanzibari, na jina hilo wajukuu wao wanalo. Bukini, kwa upande mwingine, wazao wa waliovushwa kutoka Msumbiji huitwa Makoa. Huko jina la kabila moja lilitandazwa juu ya watu wa makabila mengi. Mwanaisimu aonapo majina haya asifikiri kwamba yamsimulia asili ya mtu. Yamsimulia njia aliyopitishwa, na nani alikuwa na uwezo wa kumpa jina.

Lugha yetu nayo haikukaa kando. Tuna mateka, mtumwa, mtwana, mjakazi, suria, mzalia. Na tunalo neno mshenzi, ambalo katika pwani ya karne ya kumi na tisa lilimpata hasa mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua bado dini wala desturi za mji. Maneno haya ni ngazi, na kila ngazi ilikuwa na haki zake na aibu zake. Hayakuundwa Lisbon. Na yule shehe aliyemwuza mtu kwa nahodha Pereira alikuwa mtu wa pwani hii, mwenye cheo kinachotamkwa kwa neno tulitumialo sisi. Miaka kumi na minane kabla ya ajali ya Clifton, mwaka 1776, Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piastre 20 kila mmoja. Historia ya merikebu hizi ikiandikwa kwa Kiswahili kana kwamba ni habari ya Wazungu na bahari yao, itakuwa imeandikwa nusu. Kusema hivi hakupunguzi hatia ya mnunuzi hata kidogo. Lakini mkataba huwa na pande mbili, na upande mmoja wa mkataba wa Kilwa ulitiwa sahihi katika mji wa Waswahili.

Pengine mtu atauliza: mbona basi kazi ya chini ya bahari imeonyesha mabaki machache ya vyombo vya watumwa katika pwani yetu, ikilinganishwa na Atlantiki? Sababu moja ni ya chombo chenyewe. Jahazi halikujengwa kwa watumwa peke yao. Lilichukua watu pamoja na pembe, nafaka na boriti. Farumi yake ilikuwa mawe, na jiwe halina tarehe. Mbao zake bila shaba ziliishia matumboni mwa wadudu. Jahazi la watumwa likizama, baada ya miaka mia mbaharia hawezi kulipambanua na jahazi la mtama. Kwa sababu hiyo katika upande wetu ulimi wapaswa kuchukua mzigo ambao ng'ambo umechukuliwa na chuma. Majina ya miamba na vilindi, habari za vyombo vilivyopotea, maneno ya kazi ya ngamani, nyimbo za kung'oa nanga: haya ndiyo mabaki yetu, na hayakai miaka mia mbili chini ya mchanga. Hukaa muda wa uhai wa mzee mmoja.

Mwisho, liko jambo la istilahi, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili si dogo. Tukiandika juu ya São José, watu wale tuwaiteje? Katika lugha nyingine wataalamu wamebishana, wengine wakitaka neno la kale la mtumwa liachwe na pawekwe neno lionyeshalo kwamba mtu alifanywa mtumwa, hakuzaliwa na utumwa mwilini. Kwangu naona Kiswahili hakina haja ya kuazima ubishi huo. Mtumwa ni jina lililotokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa. Umbo lake lenyewe latangaza kwamba pana mwingine atendaye. Kutoka shina hilohilo tumepata mtume na mtumishi, nao ni watu wenye heshima. Tofauti haimo katika asili ya mtu bali katika namna kitenzi kilivyomwangukia. Kosa letu ni kulizoea neno mpaka tukaacha kuusikia ule mzizi, tukasahau kuuliza mtendaji ni nani.

Hata hivyo napendekeza tofauti moja. Mtu aliye ngamani, ambaye hajafika kwa bwana wala hajapewa kazi, ni mateka. Neno hili latokana na teka, nalo lashika tendo lililo karibu zaidi, yaani kukamatwa kwa nguvu. Mtumwa ni hali ambayo merikebu ilikuwa ikimpeleka. Wale zaidi ya 200 waliokufa Clifton walikufa mateka. Waliouzwa Rasi wakawa watumwa. Na neno shehena lisitumiwe kwa watu hata mara moja, isipokuwa tunaponukuu hesabu ya mwenye merikebu, na hapo tuseme wazi kwamba ni hesabu yake. Farumi yatosha kutukumbusha kwamba hata yeye alijua tofauti. Kama watu wale wangalikuwa shehena kweli, asingalihitaji chuma.

Tarehe 2 Juni, 2015, wapiga mbizi kutoka Msumbiji, Afrika ya Kusini na Marekani walichukua udongo uliotoka Mossuril, bara ya kuelekea Kisiwa cha Msumbiji, wakaushusha mahali pa ajali, kwa ombi la wazee wa Kimakua waliotaka wafu wale walale katika ardhi yao. Baadhi ya vitu vilivyotolewa baharini, farumi zikiwamo, viliazimwa kwa makumbusho ya Washington yaliyofunguliwa mwaka 2016. Udongo umekwenda, na chuma kimesafiri safari ambayo mateka hawakuimaliza. Kazi ya Taasisi na ya wote wapendao lugha hii ni kuyakusanya maneno ya bahari kutoka kwa manahodha, mafundi wa majahazi na wavuvi wa pwani yote, tangu Lamu mpaka Angoche, na kuyaandika pamoja na habari zake, si maana zake tu. Kamusi iandikayo kwamba farumi ni uzito utiwao chomboni haikukosea. Lakini imeacha kusema ulitiwa kwa sababu ya nani.